Marudio yenye aseniki na zebaki juu ya kijito: alizeti zitanyonya sumu?

KikundiGeita: Wakuu, naomba ushauri. Kijijini kwetu, mkoa wa Geita, kuna mwalo (mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu) uliotelekezwa. Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, yametanda robo ekari kwenye mteremko, mita 60 kutoka kijito. Vipimo: pH 3.4 (asidi kali), salfa asilimia 2, aseniki na risasi ziko juu, zebaki ipo. Wazo letu ni kupanda alizeti zinyonye sumu na kukinga maji kwenye bwawa la matete. Mwenye plenti (mtambo wa kutoa dhahabu kwa sayanaidi) naye anataka kuyanunua marudio. Tuanzie wapi?

Mjiokemia: Mkuu, alizeti ziacheni. Metali haiozi, na kinachonyonywa kwa msimu ni kidogo mno mbele ya mamia ya tani. Sumu ifungwe palepale ilipo.

Anzeni na asidi. Kila asilimia 1 ya salfa hudai kama kilo 31 za chokaa kwa tani, kwa hiyo kwenu ni kilo 62. Robo ekari kwa kina cha sm 20 ni tani 300 hivi, maana yake chokaa tani 19. Kabla ya kununua, maabara iwatenganishie salfaidi (salfa iliyoshikana na metali) na salfeti (iliyokwisha kuungana na oksijeni), kwa sababu inayozaa asidi hasa ni salfaidi na huenda dozi ikapungua sana. Chukueni chokaa ya kilimo iliyosagwa kama unga. Punje nene huvikwa kutu ya chuma zikabaki mawe. Ya kujengea msiiguse: hurusha pH hadi 12, na aseniki huachia kadiri pH inavyopanda.

Dada_Udongo: Na mbolea ya fosfeti, DAP, je, si inafunga risasi?

Mjiokemia: Inafunga, dada, ila fosfeti hiyohiyo huing'oa aseniki ilipojishika kwenye chuma. Hapa mnazo zote mbili, kwa hiyo hapana. Changanyeni moramu nyekundu, chuma chake huishika aseniki.

Fundi_Vetiva: Juu ya hapo tandazeni kokoto sm 15, kisha udongo safi sm 30 wenye samadi iliyooza. Msiruke kokoto! Bila hizo, kiangazi maji hupanda na chumvi. Utaona ukoko mweupe wenye njano, na majani yanakauka kuanzia ncha. Vuli ikianza pandeni vetiva (nyasi zenye mizizi mirefu) kwa kontua, yaani kwa mistari inayokata mteremko, shina hadi shina sm 15, majani yakatwe yabaki sm 20. Metali nyingi hubaki mizizini. Hata hivyo ng'ombe wasilishwe nyasi hizo, wala zisichomwe.

Mto_Safi: Bwawa la matete hapana kabisa. Kwenye tope lisilo na hewa bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, na hiyo ndiyo inayoishia kwenye samaki wanaoliwa na watoto. Chimbeni mtaro upande wa juu wa rundo, maji ya mvua yapite pembeni. Chini wekeni shimo la kunasa mchanga, likauke kila baada ya mvua, na mzoe mchanga ulionaswa.

Plenti nayo hapana. Sayanaidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, kisha huisafirisha mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka zebaki itolewe kwanza. Onaneni na NEMC (baraza la taifa la mazingira) kabla hata koleo moja halijaingia.

KikundiGeita: Asanteni sana wakuu. Sampuli mpya tuzikaushe vipi?

Mjiokemia: Kivulini. Oveni ya moto hufukuza zebaki na jibu litakuja dogo kuliko ukweli.