Nimezoea spika za gharama, sasa spika ndogo za bei nafuu zimenikoroga. Naombeni ushauri

Jabali_Isamilo:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye masikio.

Kwa miaka mingi nimesikiliza muziki kwenye spika ndefu za kusimama sakafuni, za fedha nyingi, nikiwa nimekaa na kutulia kabisa. Kazi imenileta Mwanza. Sebule niliyopanga huku Isamilo ni mita 3 kwa 4, marumaru chini, kuta tupu, madirisha makubwa upande wa ziwa. Spika kubwa zimebaki Dar kwa shemeji.

Juzi rafiki yangu wa Capri Point alinisikilizisha ELAC Debut B6.2 zake, zile ndogo za kuweka rafuni. Tuliweka rumba na dansi la zamani. Mwimbaji alisimama katikati ya spika mbili kama yupo mbele yetu, solo na rithimu kila moja na mahali pake, hata pumzi kabla ya kiitikio unaisikia. Besi ya chini kabisa haikuwepo, na tulipopandisha sauti sana tumba zilianza kubanwa. Lakini sauti ya mtu ilikuwa ya kweli kabisa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nisafirishe zile kubwa, au niziuze ninunue ndogo?

Fundi_Nyakato:
Mkuu, masikio yako yako salama. Hizo B6.2 zilibuniwa na Andrew Jones, mtu yuleyule aliyebuni spika kubwa za TAD Reference One zinazouzwa makumi ya maelfu ya dola. Aliwatengenezea Pioneer pia SP-BS22-LR, za bei ya chini kabisa. Mtu akishajua namna ya kuunganisha twita (ile ndogo ya sauti za juu) na wufa (ile kubwa ya sauti za chini) zisigombane pale zinapopokezana, ujuzi huo anauhamishia hata kwenye boksi la bei nafuu. Fedha nyingi za spika kubwa huenda kwenye boksi lisilotetemeka, besi ya chini, na kupiga kwa nguvu bila kuchoka. Pale katikati, penye sauti ya binadamu, ndogo nzuri inasogea karibu sana.

Halafu angalia chumba chako. Mlio wa besi wa 43 Hz, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, una wimbi la mita 8 hivi. Nusu yake ni mita 4, ndio urefu wa sebule yako. Hapo besi itavimba yenyewe, na spika kubwa zitaizidisha mpaka imfunike mwimbaji. Kwa chumba hicho mimi ningechukua ndogo hata ningekuwa na fedha za kubwa.

Mzee_wa_Kirumba:
Vijana, msimharakishe mwenzenu auze. Ndogo ni nzuri kwa chumba kidogo, hilo halina ubishi. BBC walibuni LS3/5A miaka ya sabini kwa ajili ya mafundi mitambo waliofanya kazi ndani ya magari ya matangazo, mahali pa kubanana, na hadi leo watu wanazitafuta. Lakini kwaya ya watu wengi, au bendi yenye tarumbeta tano, inahitaji kifua. Ndogo itakuonyesha kila mtu alipo, ila haitakupa ule uzito wa watu wote kwa pamoja. Nunua ndogo, kubwa zitunze. Nyumba ya kupanga si ya milele.

Jabali_Isamilo:
Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, sitauza.

Dada_Pasiansi:
Kaka, kabla ya kutoa hata shilingi, shughulikia hayo marumaru. Mimi nilikuwa na sebule kama yako, sauti za "s" zinachoma masikio. Zulia zito kati ya kochi na spika, pazia nene dirishani, kabati la vitabu nyuma ya unapokaa, basi. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kwako. Ukisogeza ukutani besi inaongezeka, ukivuta mbele sauti inasafika. B6.2 ina tundu la hewa mbele, kwa hiyo haisumbui sana ukutani. Usiziweke kwenye kona za chumba.

Na mvua ikipiga bati, zima tu usubiri. Hakuna spika ya kushindana na hiyo.

Mwana_Igoma:
Kama unawinda za mtumba, kagua ule ukingo unaozunguka koni. Wa sponji unaoza, na joto na unyevu wa huku kanda ya ziwa vinauwahisha. Wa mpira unadumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa, achana nayo hata kama boksi linang'aa.

Jabali_Isamilo:
Ahsanteni sana. Rafiki ameniazima zake wikiendi hii. Nimetandika zulia la chumbani na kuzivuta kutoka ukutani kama urefu wa mkono. Dada, umesema kweli, "s" zimetulia na nasikia waitikiaji mmoja mmoja. Nimeamua kununua. Amplifaya niliyonayo ni wati 50 kila upande, itatosha? Na waya?

Fundi_Nyakato:
Inatosha. B6.2 inatoa desibeli 87 hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa takriban wati moja tu, na ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo usikimbilie wati 100. Hakikisha tu amplifaya yako inakubali spika za omu 6 (ukinzani wa umeme) kama hizi. Ikiwa imetoka Marekani, soma nyuma kwanza: za kule nyingi ni volti 120, huku ni 230, utaiunguza. Stabilaiza weka. Waya wa kawaida wa shaba, milimita mraba 1.5, mita tatu kila upande. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza upande mmoja besi inapotea na mwimbaji hasimami tena katikati.