Nisaidieni: mhusika wangu akifungua kinywa, hadithi inakufa

KalamuYaZiwa:
Hamjambo wadau. Niko Kisumu, nina miaka 26, naandika hadithi fupi tangu kidato cha pili. Maelezo yangu watu huyasifu: ziwa, gugumaji, soko la Kibuye Jumapili asubuhi. Lakini mhusika mkuu, mama muuza omena, akizungumza ni kama anasoma taarifa ya habari. Hapa anajibizana na mvuvi anayemtaka kimapenzi ndipo ampe samaki:

“Ewe kijana, maisha yamekuwa magumu mno, nami sina budi kukubali masharti yako.”

Nimeliandika upya mara sita. Shindano linafungwa Ijumaa na usingizi umenipaa. Nifanyeje?

MwalimuNakuru:
Nimesahihisha insha miaka 19, na kosa ni letu walimu. Tuliwapa alama kwa kila “sina budi”. Isome sentensi hiyo kwa sauti jikoni, uone kama kuna atakayegeuka. Mtu aliyebanwa hataji shida yake, hushika kilicho karibu. Mwache azungumzie beseni: “Beseni langu bado lina nafasi.” Mvuvi ataelewa, na msomaji pia.

BintiMenengai:
Mwalimu, hapo umenigusa. Mimi nina riwaya ya kurasa 140 inayoanza na mvua ikinyesha Nakuru, aya nzima. Kila ninayempa ananiambia nifute mvua. Lakini siku hiyo mvua ilinyesha kweli!

MzeeWaKakamega:
Vijana mnakimbilia mashindano kabla ya kusoma. Maktaba ya taifa iko hapo hapo Kisumu, ingia. Mwandishi Grace Ogot alisomea uuguzi na ukunga, hakuwa na shahada ya fasihi, lakini alikua akisikiliza ngano za nyanya yake. Sikio kwanza, kalamu baadaye.

JaDunga:
Kijana, huyo mama ni nani? Nauliza kwa sababu mambo ya jaboya, samaki kwa mapenzi, huku ufuoni si ya kubuni ukiwa kitandani.

KalamuYaZiwa:
Ni mhusika tu. Tusaidiane na mazungumzo, tafadhali.

JaDunga:
Nimeuliza ni nani.

KalamuYaZiwa:
Sawa. Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilipia karo. Nikiwa darasa la sita nililala sebuleni kwetu, nikamsikia akimsimulia mama usiku, wakidhani nimelala. Hajui kwamba ninajua. Jina nimebadilisha, na ufuo nimeuita kwingine. Na ukweli ni kwamba nimeshaituma, tangu Jumatatu. Wanaruhusu kurekebisha hadi Ijumaa. Mwandishi huandika anachokijua, sivyo? Sioni nilipomkosea.

MamaWatatu:
Mwanangu, kubadilisha jina hakumfichi mtu mbele ya majirani zake. Siku akisomewa hadithi hiyo kanisani utasimama wapi?

MzeeWaKakamega:
Nilisema mimi. Haraka.

JaDunga:
Samahani, mimi siamini. Nimezaliwa Dunga, baba alivua omena. Umesema kwenye ule uzi wako mwingine kwamba mtumbwi unarudi Mei, mbalamwezi ikiangaza maji. Omena huvuliwa usiku wa giza, taa ndizo huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hulala nyumbani. Tena Aprili hadi Julai uvuvi wa omena umefungwa. Hakuna shangazi hapa. Unatufanyia majaribio ya hadithi yako.

BintiMenengai:
Kumbe! Mimi nilishaanza kulia.

KalamuYaZiwa:
Naapa shangazi yupo. Mbalamwezi ni yangu, niliiongeza kwa sababu ilipendeza. Lakini Mei ni kweli. Walivua kwa kujificha, ndiyo maana hakuwa na mvuvi mwingine wa kununua kwake wala mtu wa kumlalamikia. Alimwambia mama hivyo hivyo: nani ningemwambia?

JaDunga:
Basi nimekosea, nisamehe. Lakini umeona ulichofanya? Giza, kufungwa kwa ziwa, mama hana pa kushtaki: hiyo ndiyo hadithi, na wewe umeifunika kwa mbalamwezi.

MwalimuNakuru:
Na “nani ningemwambia” ndiyo sentensi pekee hai uliyotuletea leo. Ni yake, siyo yako. Haongei kwenye hadithi kwa sababu hujawahi kumuuliza kitu. Ulimsikia kupitia ukutani.

KalamuYaZiwa:
Naogopa akisema hapana. Kazi ya miezi mitano.

MamaWatatu:
Akisema hapana, unaiondoa kabla ya Ijumaa. Ni yake.

KalamuYaZiwa:
Mbalamwezi nimeifuta. Kesho jioni nitaenda kwake akishafunga meza. Sijui nitaanzaje.

MamaWatatu:
Usiende mikono mitupu. Beba sukari na majani ya chai. Mwache anywe kwanza.

BintiMenengai:
Kila la heri, kaka. Mwalimu, na mvua yangu je, niifute kweli?