Kalamu ya pH au mashine yenye elektrodi ya kuchomoa? Kwa divai ya nyumbani, Lubumbashi

MamaNanasi_Katuba
Bakubwa, jambo. Natengeneza divai ya mananasi na ya marakuja, na sasa nataka kupima pH (kiasi cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) kabla ya kutia metabisulfiti, ile dawa ya salfa ya kulinda divai. Njia nilizoona ni tatu: karatasi za rangi, kalamu ya njano (kipimo kidogo cha mkononi) isiyo na jina inayouzwa bei ndogo, au mashine kama Milwaukee MW102 ambayo elektrodi yake, kile kijiti cha kupimia, ina waya na inachomoka. Hiyo ya mwisho lazima niagize mbali. Je, inastahili gharama?

Labo_Kampemba
Mama, karatasi ziache kabisa. Divai yenye rangi inazichafua, na salfa inazipausha. Wakulima wa malimau wa California waligonga ukuta huohuo, na ndiyo sababu Arnold Beckman aliwatengenezea mashine yake ya pH mwaka 1934.

Sasa hesabu. Divai nyeupe hulindwa na takriban miligramu 0.8 kwa lita za salfa ya molekuli, yaani ile sehemu ya salfa inayoua vijidudu. Ili kuzipata kwenye pH 3.5, unahitaji salfa huru (ambayo haijashikamana na vitu vingine vya divai) miligramu 40 hivi kwa lita. Kifaa kikikosea kwa 0.1, pH ya kweli inaweza kuwa 3.4, ambapo 32 zinatosha, au 3.6, ambapo unahitaji 50. Ukifika 3.8 ni karibu 80. Kwa hiyo kalamu yenye kosa la 0.1 inakuacha ukibahatisha dawa. MW102 inakosea kwa 0.02 tu.

Mzee_wa_Kenya
Naitetea kalamu kidogo. Anayetaka kujua tu kama juisi ya maembe iko juu ya 4 na inahitaji ndimu, inamtosha. Lakini achague inayokubali bafa mbili (maji ya kurekebishia kifaa, yenye pH inayojulikana), 7 na 4. Zile zenye skrubu moja ya kuzungusha na bisibisi, ukiiweka sawa kwenye 7, hujui inasema nini kwenye 3.3, na divai yetu iko hukohuko chini.

Labo_Kampemba
Hapo tuko pamoja, papa. Ila elektrodi ni kioo chembamba, nayo inazeeka. Mwaka mmoja, miwili ikitunzwa, basi. Kwenye kalamu nyingi za bei ndogo ikifa unatupa kifaa chote. Kwenye mashine unabadilisha elektrodi peke yake. Mimi ningelipa zaidi kwa sababu hiyo tu, kuliko kwa namba nyingi kwenye skrini.

Divai_Kamalondo
Niongeze utunzaji, maana ndipo vifaa vinapofia. Usiihifadhi elektrodi ndani ya maji ya mvua wala maji safi yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri: yanavuta chumvi iliyo ndani yake. Kofia ya elektrodi iwe na matone ya maji ya kloridi ya potasiamu, yenye nguvu ya mola 3 kwa lita. Oktoba joto linakausha kofia upesi, kwa hiyo ifungue kila wiki uangalie. Chumvi nyeupe ikiota pembeni si ugonjwa, suuza tu.

Ukimaliza kupima, suuza na ukaushe kwa kugusisha karatasi laini. Kusugua kunaleta mikwaruzo na umeme tuli, namba zinayumba. Nanasi lina nyuzi: chuja kwa kitambaa kwanza, na divai inayochacha itikise gesi itoke, vinginevyo itaonekana kali kuliko ilivyo.

MamaNanasi_Katuba
Asante sana. Na ile sehemu ya joto iliyoandikwa ATC (kujirekebisha kwa joto)? Inanisaidia wakati nyumba ina joto kali?

Labo_Kampemba
Inasahihisha elektrodi, haisahihishi divai. Pima bafa na divai zikiwa na joto moja, umalize hapo. Rekebisha siku ileile ya kupima: 7 kwanza, kisha 4. Ukichukua dakika nzima namba ikiwa bado inatembea, elektrodi ni chafu au imechoka. Iloweke usiku kwenye kloridi ya potasiamu kabla hujainunulia mwenzake. Na bafa uliyomimina kikombeni usiirudishe chupani.

Mzee_wa_Kenya
Yaya, je, uagize na elektrodi ya akiba? Mimi nasema hapana. Inazeeka hata ikiwa ndani ya boksi.

MamaNanasi_Katuba
Sawa, nachukua yenye kuchomoa, bila akiba. Bafa nitaagiza za pakiti ndogo, maana chupa ya nusu lita ni kubwa kwa mtu mmoja. Aliye mtaa wa Katuba au wa Kenya hapa Lubumbashi anayetaka tugawane, aandike hapa kabla ya Ijumaa.