Kliniki ya presha na sukari: tutajuaje kama wagonjwa wanapata nafuu kweli?

Sista_Kliniki
Habari zenu wakuu. Mi ni nesi kituo cha afya huku wilayani, Tanzania, niko kliniki ya presha na sukari. Kila mwisho wa mwezi tunajaza MTUHA, yani vitabu vya taarifa za afya, inaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, waliohudhuria wangapi, wapya wangapi, wa marudio wangapi, imeisha. Namba zinapanda na kwenye vikao tunapongezwa. Ila mi nikikaa pale naona sura zilezile na presha zilezile, mtu ana 170 kwa 100 mwezi huu na mwezi ujao hivyohivyo anaandikiwa aendelee na dawa, na kuna wengine walikuja mara moja mbili mwaka jana hawajaonekana tena na hamna anayeuliza wako wapi. Juzi kati nimesikia mmoja wao kapooza upande mmoja yuko kitandani. Imeniuma sana maana kwenye ripoti zetu huyo anahesabika kama mtu tuliyemhudumia.

Sa naomba kuuliza, tunapimaje ubora wenyewe na siyo wingi wa watu? Kliniki yetu haina kompyuta, tuna rejista na mafaili tu. Aliyewahi kufanya aniambie naanzia wapi.

Dokta_wa_Wilaya
Sista umeuliza swali ambalo kila kituo kingetakiwa kuuliza. Tatizo ni kwamba tunahesabu mahudhurio wakati tulitakiwa kuhesabu watu. Mgonjwa mmoja akija mara sita anaonekana sita, aliyepotea haonekani kabisa.

Fanya hivi. Chukua rejista uandike majina ya wote walioanza matibabu ya presha ndani ya miezi mitatu, mfano Januari mpaka Machi. Ikifika mwisho wa Septemba rudi kwenye yale majina, mmoja mmoja, angalia kipimo chake cha mwisho kati ya Julai na Septemba. Kila mtu ataingia fungu moja tu, presha iko chini ya 140/90, au bado iko juu, au hajaja. Tuseme uliandikisha 60, ukakuta 24 wako vizuri, 16 bado juu, 20 hawajaonekana. Jibu lako ni 24 kwa 60 yani asilimia 40. Kuna mtu atakwambia gawanya kwa wale 40 waliokuja upate asilimia 60, kataa kabisa, maana kwa hesabu hiyo wagonjwa wanavyozidi kutoroka ndo namba inazidi kupendeza. Wale 20 ni wa kwako. Waliofariki na waliohamia kituo kingine kwa barua waandike pembeni, hao siyo watoro.

Huu ndo utaratibu wa WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mpango wao wa presha na magonjwa ya moyo unaoitwa HEARTS. India wameanza nao toka 2017 kwenye vituo vidogo vya serikali, na kwa sehemu kubwa walianza na kadi za karatasi ndo baadae baadhi ya majimbo yakahamia kwenye programu ya simu. Kwa hiyo kukosa kompyuta kusikuzuie.

Na usiende mbali, hapo hapo kituoni watu wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, wanafanya hivi miaka yote kwa wagonjwa wao. Wana tarehe ya kurudi, wana orodha ya watoro, wanapiga simu, wanamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii hadi nyumbani. Kakae nao asubuhi moja uone.

Mtu_wa_Takwimu
Naongezea kwa dokta. Kabla hujaiamini hiyo asilimia angalia kwanza vipimo vimepatikanaje. Fungua rejista uhesabu vipimo vinavyoishia na sifuri. Kama mnatumia mashine ya kidijitali sifuri inatakiwa itokee kama mara moja kwa kila vipimo kumi, sasa ukikuta ukurasa mzima ni 130/80, 140/90, 120/80 ujue kuna mtu anakadiria, na hapo hata ufanye hesabu gani huna kitu. Afu simama pembeni uangalie upimaji wenyewe, je mgonjwa amepumzika dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, mkanda unamtosha, haongei? Mama mnene ukimfunga mkanda mdogo presha itasoma juu kuliko ilivyo utamuongezea dawa bure.

Binti_wa_Mama
Mimi siyo mtu wa afya naomba nichangie kama mtoto wa mgonjwa. Mama yangu ana sukari miaka mingi, kila kliniki anatobolewa kidole, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Hakuna siku alivuliwa viatu akaangaliwa miguu. Akapata kidonda kidoleni hakusikia maumivu yoyote, sisi tuligundua kwa harufu, na kidole kikakatwa. Kwenye hizo hesabu zenu nawaomba sana muweke na hilo.

Na la dawa. Anaambiwa dawa hamna kanunue nje, mwezi ambao hela haipo anakunywa leo anaruka kesho ili zifike, afu akifika kliniki anasema anameza zote kwa sababu anaogopa kufokewa. Sasa hapo mtapimaje ubora kama mgonjwa anawaogopa?

Dokta_wa_Wilaya
Binti pole sana wewe na mama, na umesema kweli tupu.

Sista, kwa wa sukari weka safu kwenye rejista, miguu imekaguliwa mwaka huu ndiyo au hapana, macho, mkojo kwa ajili ya figo. Kama hamna kile kiuzi cha gramu 10 cha kupimia hisia za miguu, mgonjwa afumbe macho umguse taratibu ncha za vidole vya miguu, kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, aseme anasikia wapi. Asiposikia viwili au zaidi huyo ni wa kuangaliwa kwa karibu. Haigharimu hata shilingi.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula isitudanganye, mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki ikasoma chini ya 7. HbA1c, kipimo cha damu, inaonyesha sukari ilivyokuwa kwa kama miezi mitatu iliyopita, ukipata hospitali ya kupeleka sampuli hata mara moja kwa mwaka usiache. WHO mwaka 2022 waliweka lengo kwamba ikifika 2030 asilimia 80 ya waliogundulika na kisukari sukari yao iwe imedhibitiwa, na 80 presha yao pia.

Na kuna kipimo kimoja mi nakipenda kuliko vyote. Chukua wale 16 wenye presha juu uulize wangapi siku hiyo waliongezewa dozi au dawa ya pili. Mara nyingi utakuta karibu hakuna. Hapo mgonjwa hana kosa, ni sisi tunaoandika aendelee na dawa. Siku ambazo amlodipine ya presha au metformin ya sukari haikuwepo stoo nazo ziandikwe, ziende kwa mganga mfawidhi pamoja na asilimia yako.

Clinician_wa_Nakuru
Huku Kenya tuko na ripoti ya kila mwezi ya sukari na presha, MOH 740, lakini ripoti haiwezi kukuletea mgonjwa aliyepotea. Kitu ilitusaidia ni sanduku. Kadi ya kila mgonjwa inakaa kwa tarehe yake ya kurudi, akija inatolewa inahamishwa mbele. Jioni kadi zimebaki kwa tarehe ya leo hao ndio hawajakuja, unapiga simu wiki hiyo hiyo. Na ukipiga usianze na kuuliza mbona hukuja, uliza kama dawa ziliisha, kama nauli ilikosekana. Utaambiwa ukweli.

Sista_Kliniki
Asanteni sana jamani. Sanduku naanza nalo wiki hii, na walioanza robo hii ndo kundi langu la kwanza, nimeshaongea na mwenzangu wa CTC. Swali moja, wenye presha na sukari kwa pamoja nawaweka wapi? Nikiwaandika kote si nitawahesabu mara mbili?

Mtu_wa_Takwimu
Mtu mmoja namba moja kadi moja, safu mbili. Kwenye asilimia ya presha anaingia na kwenye ya sukari anaingia, kila moja na kigawanyo chake. Ila ukiulizwa kliniki ina wagonjwa wangapi, unahesabu kadi.