Gumzo la kikundi: "Watoto wa Mama 🌺"

Rehema 08:12
Jamani habari za asubuhi. Nakumbusha mara ya tatu: Jumapili ndiyo mwisho wa kusoma kitabu cha Sally Field, yule mwigizaji wa Marekani. Nani kamaliza?

Rehema 09:40
Naona tiki za bluu 11. Hata mmoja?

Hamisi 10:02
Niko ukurasa wa 30

Rehema 10:02
Mwezi jana ulikuwa wa 40.

Hamisi 10:03
Nilirudi nyuma kuhakikisha 😂

Rehema 10:09
Haya, kwa wavivu. Kinaitwa In Pieces, kilitoka 2018, kaandika mwenyewe karibu miaka 7. Mama yake, Margaret Field, naye alikuwa mwigizaji. Humo anamwita Baa. Baba wa kambo ni Jock Mahoney, yule aliyecheza Tarzan.

Juma 10:10
Tarzan?? Wa kamba?

Rehema 10:10
Filamu mbili, 1962 na 1963. Siyo hoja yangu hiyo.

Juma 10:11
Baba Tarzan, binti anaigiza sista wa kanisa anayepaa kwenye TV. Nyumba hiyo hakuna anayekanyaga chini 😂😂😂

Hamisi 10:11
🤣🤣 mama je?

Salma 10:15
Juma, huyo baba alikuwa anamwingilia yule mtoto chumbani. Soma kwanza ndiyo ucheke.

Juma 10:22
Samahani. Sikufika huko.

Rehema 10:24
Sasa mnisikilize. Sally alimpenda mama yake kupita kiasi na alikuwa na kinyongo naye hapo hapo. Mama kazeeka, anaumwa, ndiyo binti akamwambia. Kumbe mama alishajua! Mume alimwambia, ila kwamba ilitokea mara moja tu. Binti akamwambia hapana, ni utoto wangu wote.
Mama akafariki 6 Novemba 2011, siku binti anatimiza miaka 65.
Yeye aliwahi kuuliza. Sisi je? Ndiyo maana nasema Jumapili tumkalishe Mama, tumrekodi.

Hamisi 10:31
Tumuulize nini?

Rehema 10:31
Unajua.

Hamisi 10:32
Mie sijui

Salma 10:32
La sanduku.

Hamisi 10:33
Lile lilishakwisha

Salma 10:33
Lilikwisha kwako. Aliyebaki na ufunguo nani?

Hamisi 10:34
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Rehema 10:34
Nimeusoma Hamisi. Si vizuri.

Mwanaidi 12:58
Ndo naingia jamani, meseji 46! Nani amekufa?

Juma 12:59
Mama yake Sally

Mwanaidi 12:59
Sally yupi tena, yule jirani??

Mama Mdogo 13:20
Nimesoma yote.

Rehema 13:20
Shikamoo Mama Mdogo. Hatukujua kama umo humu.

Mama Mdogo 13:27
Marahaba. Juma alinitia nione picha za mtoto. Picha sijaziona.
Dada yangu hajasahau kitu. Siku ya sanduku nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni wewe Hamisi. Ulikuwa unalia, tukashindwa kusikia wanachosemezana. Mkimwekea simu usoni atawahadithia habari za mvua. Aje mmoja, amsuke nywele. Asiulize kitu.

Rehema 15:05
Sawa Mama Mdogo.

Rehema 15:06
Nani anajua kusuka?

Juma 15:30
Mimi mwenyewe kipara

Salma 16:12
Najua mimi. Ila Hamisi akiwepo siji.

Rehema 16:13
Basi Jumapili saa nane, Salma peke yake? Au Jumamosi? Nijibuni leo, nimwambie Mama asitoke.

Rehema 18:40
Jamani.

Mwanaidi 20:17
Jumapili hii au ijayo?

Hamisi 22:51
Kusema kweli kitabu sina. Nani anacho?

Salma 23:04
Ninacho mimi. Nitakiacha kwa Mama Mdogo, uchukue huko.