MJADALA: Mkataba kwanza au safari kwanza? Nani anafaidika na sharti la kuajiriwa ukiwa bado mbali

Mleta mada

Wakuu, msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Nchi nyingi zinazolia kukosa wafanyakazi zinamwambia mtu aliye bara jingine: leta mkataba kwanza, ndipo tuzungumze viza. Wanadai sharti hilo linamlinda mgeni asije akatangatanga. Mimi nasema wanaolindwa zaidi ni wauza mikataba.

Tuanzie kwenye fomu. Umepakia wasifu, halafu yaleyale yaliyomo kwenye wasifu unatakiwa uyaandike upya, kisanduku kimoja baada ya kingine. Mwishoni kabisa kuna swali: una kibali cha kufanya kazi katika nchi hii, au utahitaji udhamini, yaani mwajiri akuombee ruhusa serikalini? Ukisema kweli, barua ya "tunasikitika kukujulisha" inaingia hata hujafunga ukurasa. Hakuna binadamu aliyekusoma. Kibali hupati bila kazi, kazi hupati bila kibali.

Hapo ndipo wakala anapopata riziki yake. Na sisemi kwa hisia. Kanada ilikuwa inawapa waombaji wa Express Entry, mfumo wake wa pointi wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, pointi 50, na wengine 200, kwa kuwa na ofa ya kazi. Tarehe 25 Machi 2025 pointi hizo zilifutwa, kwa maelezo kwamba ofa zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa. Uingereza, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ilifuta leseni za udhamini zaidi ya 470 za waajiri wa wahudumu wa wazee na wagonjwa, sababu ikiwa ni unyanyasaji na ukiukaji wa taratibu. Wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao. Hao nao walikuwa na mkataba mkononi. Uliwasaidia nini?

Ujerumani imejaribu njia nyingine. Tangu tarehe 1 Juni 2024 inatoa Chancenkarte, yaani "kadi ya fursa": ukifikisha pointi 6 za elimu, lugha, umri na uzoefu, unaingia na kutafuta kazi ukiwa humohumo kwa muda wa hadi mwaka mmoja, na unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Sweden nayo tangu 2022 ina kibali cha kutafuta kazi cha miezi mitatu hadi tisa kwa wenye shahada za juu. Nasema kila nchi yenye uhaba wa watu ifungue mlango wa namna hiyo. Haya, nipingeni.

Kisiki

Nakupinga, tena kwa hesabu. Hiyo Chancenkarte inataka uonyeshe una pesa ya kujikimu. Kwa 2025 kiwango kilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi, maana yake kwa mwaka mzima ni zaidi ya yuro 13,000. Mwenye akiba hiyo huwa si yule aliyebanwa na maisha unayemtetea hapa. Mlango umefunguliwa, ndiyo, lakini kizingiti kiko shingoni.

Halafu fikiria umefika mwezi wa kumi tangu uingie. Akiba inaisha, kibali kinaisha, na mwajiri anayekuhoji anajua tarehe hiyo kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi uliyompa. Atakutajia mshahara gani? Anayetafuta akiwa ameshika kazi yake ya sasa anaweza kusema "hapana, asante" akarudi kulala. Uwezo huo wa kukataa ndio mtaji wenyewe, nawe unataka watu wauache nyumbani.

Na milango hiyo haikawii kufungwa. Ureno ilianzisha viza ya kutafuta kazi mwaka 2022, na 2025 ikaibana ibaki kwa wenye ujuzi wa juu. Aliyeuza vitu vyake akijiandaa kwa viza ile aliambulia patupu.

Upande_wa_Pili

Mimi nimeajiri watu kwa muda mrefu, niwaambie yanayotokea baada ya kubonyeza "tuma".

Meneja ananiletea nafasi iliyobaki wazi juzi, naye anamtaka mtu jana. Nikimpelekea mwombaji aliye bara jingine, swali lake la kwanza ni "anaanza lini?" Elimu inakuja baadaye. Wasifu nyingi hazina jibu la swali hilo. Badala yake kuna barua ya ukurasa mzima kuhusu ndoto ya tangu utotoni ya kuishi ng'ambo. Samahani, ndoto hiyo hainijazii nafasi. Lakini akija mtu na mistari miwili juu kabisa, kataja aina ya viza anayostahili, kasema cheti chake kimeshatambuliwa na mamlaka husika, na notisi kazini kwake ni mwezi mmoja, huyo namsoma mpaka mwisho. Amenipunguzia kazi.

Jingine: watu hawasomi masharti ya nchi wanayoitaka. Uingereza orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, ila watu wanatuma maombi kwa kampuni isiyokuwemo. Kima cha jumla cha mshahara kwa viza ya Skilled Worker, ile ya kazi za ujuzi, kilipanda hadi pauni 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025. Kuna nafuu kwa makundi fulani, lakini kwa wengi nafasi ya pauni 30,000 haiwezekani hata ningekupenda vipi. Na tafadhali acheni kuweka anwani ya binamu yenu aliyeko huku. Dakika ya tatu ya simu ya kwanza tunajua, na uaminifu umeshaondoka.

Kwa hiyo, mleta mada, kuchujwa na kompyuta ni kweli kupo, wala sitetei jambo hilo. Ila si wote wanaochujwa wameonewa.

Nusu_Safari

Mnazungumza kana kwamba kila anayetafuta yuko kwao. Tupo tunaotafuta tukiwa ugenini tayari, na kibali cha hapa kimefungwa kwa mwajiri wa hapa. Kisiki anasema "tafuta ukiwa kazini." Sawa, ila bosi akinusa kwamba nina mpango wa kuhamia bara jingine, akanitoa, kibali kinaondoka na kazi. Uingereza kwa mfano, ukipoteza mdhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwingine au uondoke. Wadhamini wa wasifu, yaani watu wa kuulizwa habari zangu (referees), nao ni mtihani: nitamwandika nani, wakati anayejua kazi yangu vizuri ni huyohuyo ninayemkwepa?

Mahojiano yanafuata saa ya wao. Kwao saa tano asubuhi, kwangu saa tisa usiku. Nakaa bafuni maana ndiko pekee mlango unafungika bila kumwamsha mwenzangu, kompyuta juu ya kapu la nguo chafu, juu shati lililopigwa pasi, chini kaptula. Wananiuliza kwa nini naongea polepole. Saa mbili asubuhi natakiwa nionekane kazini nikiwa na uso wa mtu aliyelala.

Na bado vyeti vya polisi. Kanada inataka cheti kutoka kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea. Mliohama mara moja hamjui adha hii. Nchi niliyopita zamani inataka alama za vidole kwa karatasi, kwa posta, na saini ya afisa wa huku ambaye hajawahi kuiona fomu ile maishani mwake.

Bwana_Chapchap

Kwani lazima mhamehame? Chagueni nchi moja mtulie.

Nusu_Safari

Ukipata kibali cha kudumu, kutulia ni rahisi. Bila hicho, wenye nchi ndio wanaokuchagulia.

Kipanga

Naona hakuna aliyegusa njia ya katikati: kwenda kama mgeni, ufanye mahojiano ana kwa ana, urudi. Watu wanaiogopa bila sababu. Marekani, mwenye viza ya B, ile ya matembezi au shughuli fupi za biashara, anaruhusiwa kutafuta kazi na kuhojiwa. Asichoruhusiwa ni kuanza kazi. Uingereza pia mgeni anaweza kuhojiwa, ila hawezi kubadilisha akiwa hukohuko kwenda viza ya kazi, lazima atoke aombe upya. Mradi usimdanganye afisa wa viza kuhusu sababu ya safari. Uongo huo unaweza kukufuata miaka.

Ila kwa Marekani mjue upepo umegeuka. Viza mpya za H-1B, zile za kazi za kitaalamu, zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka, zikiwemo 20,000 za wenye shahada za uzamili za hukohuko, na Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo la kudai dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Yaani kuwa mbali kumewekewa bei rasmi. Mleta mada, hilo lingekufaa zaidi kuliko mfano wa Kanada.

Mleta mada

Nimelipokea la Kipanga. Kisiki, hoja yako ya akiba ni nzito na sina jibu lake kamili, ila linganisha vitu viwili. Yuro 13,000 zikiwa kwenye akaunti ni zako, unazila mwenyewe mwezi kwa mwezi. Pesa anayopewa wakala hairudi, hata barua yake ikiwa feki. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa msamaha maalumu. Gharama zibebwe na mwajiri. Tungeanzia hapo, hata huo "mkataba kwanza" ningeuvumilia.

Kisiki

Akilipa mwajiri, ataidai kwa njia nyingine. Utasaini kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema.

Nusu_Safari

Kifungu hicho kiko kwenye ofa niliyoletewa wiki hii. Nikiondoka kabla ya miaka mitatu narudisha "gharama zote za uhamisho." Sijasaini. Upande_wa_Pili, hiki kinajadilika au nikijitia kimbelembele naikosa kazi?

Upande_wa_Pili

Kinajadilika. Omba deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, lisibaki palepale mpaka siku ya mwisho. Waandike kiasi kwa tarakimu, maana "gharama zote" inaweza kumeza chochote. Uliza pia ndani yake kuna nini: kwa Uingereza, tozo ya ujuzi anayolipa mwajiri serikalini kwa kila mgeni anayemdhamini hairuhusiwi kutwishwa mfanyakazi. Na ongeza sentensi kwamba wao wakikuachisha, hudaiwi kitu. Yote hayo kwa barua pepe, kabla ya saini. Mwajiri akikasirika kwa sababu umeuliza, basi na hilo umelijua ukiwa bado na kazi.