Canter ya boksi nageuza chumba cha kulala, msaada kwenye sola na waya

baba_wa_boksi:
Wakuu habari za humu. Nina Canter ya boksi, zamani ilikuwa inabeba mikate, nimeamua kuitengeneza iwe ya kulala tukisafiri na familia. Mpango tuanze Arusha kwenda Natron, baadae Mungu akijalia tufike Katavi mpaka Kigoma. Kitanda na makabati seremala ameshamaliza, nimebaki na umeme. Nimenunua paneli mbili za wati 200 kila moja, na betri ya 100Ah (ampia-saa, ndo ujazo wake) ile ya maji ya asidi. Vitu vyenyewe ni friji ya 12V ya lita 40, taa nne za LED, feni ndogo, pampu ya maji, kuchaji simu na laptop basi.

Fundi umeme wa magari niliyempata anasema nisisumbuke, gari ni 24V ina betri mbili, yeye anachota 12V kwenye betri moja anaunganisha na hii ya sola, na waya anatumia ule wa 2.5 (milimita za mraba, unene wa shaba) wa nyumbani maana kila duka upo. Wife nae anataka inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1500 achemshie maji ya chai kwa jagi la umeme. Roho inasita, ndo nimekuja kuuliza kabla sijatoa advansi.

fundi_volti:
Mkuu usitoe hiyo advansi kwanza.

Hilo la kuchota 12V kwenye betri moja ni ugonjwa wa Canter na Fuso nyingi hapa mjini, ukiona mtu analalamika betri mpya imekufa mapema ujue kuna redio au taa zimechotwa katikati. Betri mbili zimefungwa mfululizo, altaneta (jenereta ya injini) inazichaji kama kitu kimoja kwenye volti kama 28 hivi, haijui kwamba ya chini umeinyonya na ya juu imekaa imeshiba. Sasa ile uliyoinyonya haijai hata siku moja, na ile nyingine inapokea chaji isiyoihitaji mpaka inachemka maji yanakauka, mwisho zote mbili zinakufa. Na wewe sio redio, unataka kuweka friji na betri nzima ya pili!

Betri ya kulala iwe peke yake kabisa. Sola ndo iwe chanzo kikuu. Kama unataka na gari isaidie mkiwa njiani, tafuta chaja ya DC ya kutoka 24 kwenda 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchaji betri, sio ile stepdown (ya kushusha volti tu) ya redio, na ifungwe iwe inawaka injini ikiwa inanguruma tu. Hapo hata mkikaa Natron siku nzima mnasikiliza muziki, asubuhi gari itapiga stata.

mama_twiga:
Kaka, hiyo betri ya maji usiiweke chini ya kitanda. Ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na boksi la mikate limezibwa kila upande. Iwekee kisanduku nje chini ya bodi au kisanduku chenye bomba la kutolea hewa nje, watoto wanalala humo.

Na jagi la umeme mwambie wifi yetu asahau. Wati 1500 kwa 12V ni ampia 125 na ushee, ukiweka na kinachopotea kwenye inveta unagonga 140, betri ya 100Ah haiwezi hiyo kazi hata ikiwa mpya. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unachemsha chai, unapika na ugali, na umeme wenu unabaki kwa friji. Mtungi nao ukae nje mkilala.

mzee_wa_hesabu:
Tupige hesabu kidogo maana watu wananunua vitu kwa macho. Friji ya hivyo compressor ikizunguka inakula kama wati 45, kwenye joto inazunguka karibu nusu ya muda, kwa hiyo 45 x 12 = wati-saa 540 kwa siku. Taa 100, feni usiku kucha 160, simu na laptop 150, pampu haina uzito. Jumla kama 950.

Paneli za wati 400, jua la kwetu hesabu saa 5 nzuri kwa siku, toa vumbi na joto na upotevu unabaki na 1400 hivi. Kwa hiyo paneli zinatosha, shida iko kwenye betri. 100Ah ni wati-saa 1200 na ya maji hutakiwi kuishusha chini ya nusu, una 600 za kutumia. Kuanzia jua linazama mpaka saa mbili asubuhi friji, taa na feni vinakula karibu 560. Yani uko ukingoni, siku ya mawingu maziwa yanaharibika. Hiyo ya maji uza au peleka nyumbani, chukua lithium ile ya LiFePO4 ya 100Ah, hiyo unaitumia hadi asilimia 80 na zaidi bila kuiumiza na haitoi gesi kwenye matumizi ya kawaida. Ila hakikisha chaja na kontrola (kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji) zina mpangilio wa lithium. Kama hela hairuhusu chukua gel mbili (betri zilizozibwa, asidi yake ni nzito kama jeli), na ukienda Kariakoo omba mizani, gel ya kweli ya 100Ah ina kilo kama 28 mpaka 30. Ukiambiwa 100Ah na unaibeba kwa mkono mmoja unapiga stori, hiyo humo ndani ina sahani chache tu.

lori_la_254:
Niaje wadau, niko Nairobi. Hiyo waya ya 2.5 mwachie fundi aweke kwa nyumba yake. Mita tano kwenda na tano kurudi ikibeba ampia 20 inakula volti 1.4, sasa kwa 12V hiyo ni nyingi sana. Friji itaona volti imeshuka, izime, na betri bado ina chaji poa, halafu utalaumu friji bure. Kontrola kwenda betri weka 10mm na iwe fupi, friji ipate waya yake pekee ya 6mm. Paneli funga mfululizo, uweke kontrola ya MPPT (ile inayogeuza volti kubwa ya paneli iwe ya kuchaji betri), volti inapanda ampia inabaki kama 10, waya ya sola ya 4mm inatosha kutoka juu.

fundi_volti:
Mfululizo sawa lakini mimi kwa gari la kambi napendelea sambamba (positive kwa positive, negative kwa negative), maana utapaki chini ya mgunga na kivuli kitagusa paneli moja. Sambamba iliyo juani inaendelea kufanya kazi yake, ila hapo toka juu na 6mm.

lori_la_254:
Paneli za siku hizi ziko na diodi ndani boss, zinapitisha umeme kando, kivuli kikigusa moja inarukwa. Lakini sitabishana, zote zitafanya. Cha maana ni fyuzi, iwe karibu kabisa na terminali ya positive ya betri, sio kule kwa kontrola. Waya ikikwaruzwa na bodi katikati ya safari na fyuzi iko mbali, moto unaanzia hapo. Ya ampia 40 kwa laini ya kontrola. Halafu betri ndio inaunganishwa kwa kontrola kwanza, paneli mwisho, na ukitoa anza na paneli.

mama_twiga:
Naongezea, huku kwetu karibu na ikweta usihangaike kuinamisha paneli, zilaze tu kwenye keria ila ziache nafasi ya vidole vitatu chini hewa ipite, paneli ikipata moto inapunguza nguvu. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kule Natron, ina mawimbi ya kutikisa meno, weka nati zenye plastiki ndani zisilegee, na tundu la waya kwenye paa liwe na raba halafu sikaflex (gundi ya kuziba maji) juu yake. Vumbi futa asubuhi kitambaa kikiwa na maji, usifute kavu.

baba_wa_boksi:
Aisee asanteni sana, fundi nimeshamwambia tusubiri. Jagi limeleta mjadala mrefu ila mtungi umeshinda. Naenda na lithium, na chaja ya 24 kwenda 12 nitanunua mwezi ujao. Swali la mwisho, negative ya betri ya boksi niifunge kwenye chesisi au iwe na waya wake?

fundi_volti:
Friji na taa zipe negative yake mpaka kwenye betri, usitegemee bodi, boksi lenyewe ni aluminiamu na mbao, uchafu wa maungio na vumbi vitakusumbua. Kisha kutoka betri piga kebo moja nene kwenda chesisi, sehemu moja tu, kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe, kaza bolti halafu paka grisi.